Mbiu ya Mbah Rubiyah

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake, kuna mtu humshika Ngatirah mikono.

Si ndoto, msinitanie. Ndoto humwachia mtu akifumbua macho. Huyu hamwachii. Ngatirah akifumbua macho anaiona dari, anakiona chandarua, anamsikia mama yake jikoni anagombana na masufuria, na mikono ingali imeshikwa. Vidole vyote kumi vimefumbatwa na viganja vikavu vya mtu mzee, vinabana kwenye vifundo, vinaminya polepole, namna ya mkandaji anayetafuta mshipa. Na harufu ya karafuu na tangawizi. Hiyo harufu ndiyo inayomtoa jasho, maana katika nyumba ile karafuu haijatwangwa kwa miaka arobaini na moja.

Saa nzima hupita, siku nyingine saa mbili, ndipo yule mtu amwachie kidole kimoja kimoja. Kabla ya hapo Ngatirah hawezi kushika kikombe wala kufunga kifungo. Ana miaka hamsini na miwili, mjane, na anayekuja kumkalisha kitandani, kumchana na kumvisha blauzi ni mama yake mzazi, Mbah Saminah, yaani Bibi Saminah, mwenye miaka themanini na mitatu na mgongo uliopinda.

"Dunia hii ina mambo," Mbah Saminah husema, akihangaika na kifungo cha juu. "Wenzangu wanavishwa na watoto wao. Mie namvisha bibi kizee."

"Bibi kizee nani?"

"Si wewe hapa, Nduk? Tazama mvi hizo. Nimemzaa dada yangu mkubwa."

Wanacheka wote wawili. Nduk ndivyo mama wa kwetu anavyomwita binti yake, hata binti akiwa na meno ya kubandika. Lakini Ngatirah hajawahi kumwambia mama yake kuhusu ile mikono inayomshika, wala mama hajawahi kuuliza. Yapo mambo nyumba ile imeyafunika na kuyakalia juu.

Kazi yake ni kuandika batiki. Nimesema kuandika, sikusema kupiga chapa, na ukimchanganya na wapiga chapa atakununia mwezi mzima. Hukaa kwenye kiti kifupi, nta inayeyuka kwenye kikaango kidogo pembeni, kalamu ya shaba yenye mdomo mwembamba mkononi, na juu ya kitambaa anatia vitone. Vitone tu. Mistari mikubwa wanaichora wengine, yeye alipewa vitone tangu ana miaka tisa kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Wanunuzi wa mjini walikuwa wakigeuza kitambaa upande wa pili kutafuta kosa lake na kukirudisha wakiwa wamenyamaza. Sasa kalamu inamdondoka. Mwaka uliopita alimaliza vitambaa viwili. Mwaka huu ana kimoja, na kimesimama kwenye fremu robo yake tupu, kina vumbi.

Ugonjwa ulimwanzia miaka sita nyuma kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukahamia wa kushoto, ukaingia viwiko na magoti. Watu wa kijiji hiki cha Kedungsari sisi tuna jibu la kila kitu, na ole wako uulize swali la pili. Wakasema ni baridi yabisi, alikuwa anaoga usiku. Wakamletea unga wa mitishamba wa sokoni, pakiti ina picha ya mwanamume aliyetunisha kifua. Siku mbili tu, maumivu kwisha! Akaunywa miaka mitatu. Uso ukamvimba ukawa duara kama sahani, ngozi ikawa inachanika kwa kuguswa, ndipo wakamwambia hospitalini kwamba ule unga ulikuwa umetiwa dawa kali za viwandani kwa siri. Miaka miwili baadaye alikuwa anameza vidonge vya kweli, na bado vifundo vilivimba.

Siku za Alhamisi gari la kijiji huwapeleka wagonjwa kwenye hospitali kubwa mjini. Alhamisi hiyo ninayoisimulia, Ngatirah alikwenda na mama yake, maana nani mwingine angemfungua vifungo mbele ya daktari? Daktari wa viungo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Hapsari, mwenye miwani na mwepesi wa kucheka, mtoto wa kijijini kama sisi. Akaibandika picha ya mikono kwenye taa, akamwita Ngatirah kwa kifupi, Bu Tirah, yaani Mama Tirah.

"Unaona hapa, Bu Tirah? Pembeni mwa mfupa. Pameliwa."

"Na nini?"

"Na mwili wako mwenyewe."

"Huyu anaoga usiku, Daktari," Mbah Saminah akadakia. "Nimemkanya tangu usichana. Kichwa maji."

"Mbah, hii siyo ya kuoga. Wanaiita baridi, lakini hebu gusa hiki kifundo. Si kina moto?" Daktari akavuta kiti, akakaa karibu. "Kwenu lipo gogo la mbiu?"

"Lipo," akasema Ngatirah. "Kwenye kibanda cha walinzi, njia panda."

Kijiji gani cha kwetu hakina? Kipande cha mfenesi kimetobolewa tumbo, kinaning'inia, na rungu lake pembeni. Moja moja kwa kupumzika, kuna maiti. Mbili mbili, mwizi. Tatu tatu, moto. Mfululizo bila kuvuta pumzi, hatari, kila mwanamume atoke na alichonacho mkononi.

"Basi mtanielewa kuliko wanafunzi wangu," daktari akasema. "Mwilini mna walinzi. Kazi yao ni kumkamata mdudu akiingia. Wametawanyika, hawaonani, wanaitana kwa mbiu. Mbiu yenyewe ni protini, vitu vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Mlinzi mmoja anaitoa, mwenzake ikimfikia anajua kuna hatari, anakimbia. Ziko nyingi. Moja tunaiita TNF, nyingine interleukini ya sita. Kwa mtu mwenye afya zinalia, mdudu anakamatwa, zinanyamaza, watu wanarudi kulala. Kwako wewe zimelia kwenye viungo na hazijanyamaza miaka sita. Mfululizo. Na kila mlinzi anayefika naye anapiga ya kwake, wanakuja wengine zaidi."

"Na mwizi?" akauliza Ngatirah.

"Mwizi hayupo. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Walinzi wamefika na marungu, wamepandwa na hasira, mwizi hawamwoni. Lakini la mgambo likilia kuna jambo, au siyo? Basi wanampiga waliyemkuta."

"Wamemkuta nani?"

"Mwenyeji. Gegedu, ile ncha laini ya mfupa, na mfupa wenyewe. Asiye na kosa lolote."

Daktari aliyasema hayo huku anaandika. Angeinua macho angemwona mgonjwa wake amekuwa wa rangi ya majivu. Karafuu ilikuwa imeingia mle chumbani, katikati ya harufu ya spiriti, saa nne ya asubuhi.

"Sasa," daktari akaendelea, "ipo sindano. Haimpigi mlinzi, inaikamata ile TNF njiani kabla haijamfikia mtu. Mbiu inanyamaza. Wapo watu wamerudi kushona, kupika, kuandika. Nina nafasi moja na nataka uwe wewe. Ila nisikilize vizuri. Mbiu hiyo hiyo ina kazi nyingine. Wapo wadudu ambao mwili hauwezi kuwaua, unawafunga tu, wanalala miaka na miaka. Wa kifua kikuu ni hao. Walinzi wa gereza wanakaa macho kwa hiyo mbiu. Nikiinyamazisha na mfungwa yumo, atatoka, na akitoka safari hii atakuua. Kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu na picha ya kifua ni safi, lakini ule unga na vidonge unavyomeza vimewalegeza walinzi, kipimo kinaweza kudanganya. Ndiyo maana nauliza kwa mdomo. Nyumbani kwenu aliwahi kuwepo mtu wa kukohoa muda mrefu? Kukonda? Kutema damu?"

"Hakuna," akasema Mbah Saminah, upesi, swali halijatua.

"Bu Tirah?"

Ngatirah akaangalia magoti yake.

"Hakuna," akasema.

Daktari akaandika: hakuna. Wakapewa tarehe, wiki mbili mbele.

Alikuwepo. Aliitwa Lasmi, dada yake Ngatirah, wa miaka kumi na tisa, kicheko chake kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Walilala kitanda kimoja, shuka moja, na kwa mwaka mzima Ngatirah, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alilala akisikia kile kikohozi mgongoni kwake. Lasmi akakonda mpaka pete ya uchumba ikawa inakazwa kwa uzi. Mama yao hakutaka kusikia habari ya zahanati. Kwa nini? Kwa sababu miezi michache kabla ya kikohozi Lasmi alikuwa amemkataa mpwa wake Mbah Rubiyah na kuchumbiwa na mwingine, na Mbah Rubiyah alikuwa mkandaji na mkunga wa kijiji, mtu wa mafuta na majani na maneno ya chini kwa chini. Mikono iliyowapokea watoto wote wa Kedungsari. Mtu wa hivyo kwetu hupendwa mpaka siku moja tu.

"Binti yangu karogwa," mama akasema kisimani, na kisimani neno haliozi. Akamwambia Ngatirah: "Ukimwona yule mwanamke anakaribia nyumba hii na mimi sipo, usimjibu. Kimbilia gogo."

Akaja. Jua lilikuwa linazama, saa ambazo watoto wetu huitwa ndani. Mama alikuwa ameenda shambani kumwita baba, na Lasmi alikuwa ameanza kutapika damu, damu ambayo haikutaka kukoma. Ngatirah alikuwa nyuma ya nyumba akilia kwa hofu alipomwona Mbah Rubiyah anaingia kwa mlango wa jikoni, bakuli la mchanganyo wake mkononi, karafuu na tangawizi. Alichungulia dirishani. Na alichokiona, jamani, alikiona vizuri, jua lilikuwa bado lipo. Bibi ameweka bakuli chini. Amemwinua Lasmi, amemwegemeza kifuani pake, ameshika kichwa chake ili damu isimkabe koo, anampapasa mgongo. "Toa, mjukuu wangu. Toa tu. Bibi yupo." Damu inamwagika kwenye blauzi ya bibi.

Ngatirah alikimbia akalipiga gogo.

Alipiga mfululizo, kwa mikono miwili, kama alivyoagizwa. Aliujua uzuri wa mdundo ule hata katika hofu yake. Ndio aliokuwa akikatazwa kuucheza. Wanaume wakatoka na michi, na miundu, na vishina vya mianzi. Wakamkuta kizee ameloa damu na bakuli lake liko chini. Mmoja wao, Jumangin, kijana wa miaka ishirini na nane, akamwinamia Ngatirah: "Sema, mtoto. Ni huyu?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa na pumzi na ulimi. Mbah Rubiyah alimtazama, hakumkasirikia, alimtazama kwa kungoja tu, kama mtu mzima anavyomngojea mtoto amalize. Na Ngatirah akanyoosha kidole. Cha shahada, cha mkono wa kulia.

Hawakumuua. Mpaka leo wazee wetu hujisifu kwa hilo, wallahi, hujisifu! Walimvunja mikono tu. Wakaiweka juu ya kinu na kuishushia mchi, ili asikande tena mtu. Nyumba yake ikang'olewa kabla ya isha, naye akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kupelekwa kwa binti yake mbali, upande wa mashamba ya miwa. Lasmi alikufa alfajiri iliyofuata. "Mnaona?" akasema mama. "Kammaliza." Masika yaliyofuata habari ikaja kwamba Mbah Rubiyah naye amekufa, akilishwa na kuvishwa kama mtoto mchanga mpaka mwisho. Kedungsari haikulipiga gogo. Kila aliyezaliwa kwetu hupigiwa gogo akifa, hata afie wapi, hata awe mlevi au mwizi wa kuku. Yeye hakupigiwa.

Kiwanja chake kipo mpaka leo, nyuma tu ya nyumba ya Ngatirah. Hakuna aliyejenga. Mbuzi hawaingii, na usiniulize kwa nini, mbuzi hawana dini.

Kwa hiyo wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Ngatirah alikuwa ameishi miaka sita akiamini jambo moja, kwamba mikono yake inashikwa na mwenye haki, na haikuwa na dawa. Sasa daktari alikuwa amempa neno la pili. Kwamba hata kama ile mikono ya alfajiri ni protini, ni mbiu, ni walinzi, bado hadithi ni ile ile, imehama tu kutoka njia panda ikaingia mwilini mwake. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Lasmi hakurogwa. Lasmi alikuwa mgonjwa wa kifua, kama wagonjwa wote wa kifua. Basi Lasmi yumo humu kifuani, Ngatirah alijiambia, amelala mgongoni kwangu vilevile. Akawa anaogopa kuvuta pumzi ndefu, asije akamwamsha.

Siku ya tano alijaribu. Mama alikuwa anatenga chakula, wali na tempe, vipande vya soya vya kukaanga.

"Mama. Dada Lasmi alikuwa anakohoa."

"Alirogwa."

"Alikuwa anakohoa, Mama. Mwaka mzima. Mie ndiye niliyekuwa nalala naye."

Mbah Saminah akaweka kijiko chini. "Wewe unataka sindano au hutaki?"

"Nataka. Lakini nikidungwa mfungwa akiwa yumo, nitakufa."

"Na ukisema, nitakufa mie. Maana kama mwanangu hakurogwa..." Alisimama, akaenda uani, akakaa huko akiangalia ukuta mpaka chakula kikapoa. Asingeweza kumaliza. Kama mwanawe hakurogwa, basi alikikabidhi kijiji mkunga aliyemzalisha, wakamvunja mikono bure, na mtoto wake wa damu akafa kwa kukosa zahanati iliyokuwa mwendo wa saa moja. Mwanamke yule alikuwa amesimama juu ya uongo ule miaka arobaini na moja kwa sababu chini yake hapakuwa na ardhi.

Alhamisi ikafika. Gari likawapeleka mjini. Muuguzi aliitoa sindano kwenye friji, akaiacha mezani ipunguze ubaridi wake, kitu kidogo tu, hata mtoto asingekiogopa. Mbah Saminah akamfungua binti yake vifungo, cha juu, cha pili, akaishusha blauzi begani. Vidole vyake vikavu vilikaa hapo zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Muuguzi akapaka spiriti.

"Utasikia kama siafu," akasema. "Vuta pumzi ndefu."

Ngatirah akaivuta, na humo ndani, kwenye pumzi, akaisikia karafuu. Haikuwa na hasira. Miaka yote alikuwa ameinusa kama harufu ya hasira, na siku ile ilikuwa tu harufu ya bibi anayemshikilia mtoto asikabwe.

"Ngoja," akasema.

"Unaogopa?"

"Ngoja, dada. Niitie daktari."

Daktari Hapsari alikuja na kalamu sikioni. Ngatirah alisema huku bega liko wazi, hakungoja kufunikwa. "Nilikudanganya. Dada yangu alikohoa mwaka mzima, akatema damu, akafa. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Alikuwa na kifua kikuu."

"Alirogwa," akasema Mbah Saminah, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

"Hakurogwa, Mama. Hakuna aliyemroga. Nilimwona Mbah Rubiyah kwa macho yangu, alikuwa amemshika kichwa. Alikuwa anamsaidia. Niliona, nikapiga gogo, nikamwonyesha kidole." Akalia kwa sauti kubwa mle ndani, mtu mzima, na mikono haikuweza hata kufuta uso. Muuguzi ndiye aliyemfuta.

Daktari hakuuliza Rubiyah ni nani. Aliirudisha sindano kwenye friji kwa mkono wake mwenyewe. "Bu Tirah, umejiokoa," akasema. "Nafasi yako haijapotea. Utameza vidonge vya kumuua mfungwa kwanza, miezi kadhaa. Baada ya mwezi wa kwanza, damu ikiwa nzuri, tutaanza sindano huku unaendelea navyo. Mikono itangoja mwezi?"

"Imengoja zaidi."

Njiani Mbah Saminah aliangalia mashamba. Walipokaribia daraja akasema, bila kugeuka, "Ulitaka nifanye nini? Mtoto alikuwa anakufa mikononi mwangu. Nilitaka awepo mtu."

"Najua, Mama."

"Nilitaka awepo mtu wa kumkamata."

Gari lilipofika njia panda, Ngatirah akamwomba dereva asimame. Ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri, jua kali, mahali peupe. Akashuka peke yake. Gogo ni lile lile, limepasuka ubavu mmoja na kufungwa waya. Rungu alilishika kwa viganja viwili, kwa kuwa vidole havikukubali kukunjika. Pigo la kwanza lilimpanda mpaka begani, akaona nyota.

Moja.

Akangoja. Akapiga tena. Moja.

Mbiu ya maiti haina haraka, na kwetu haikomi mpaka kila nyumba imetoa mtu. Wa kwanza kufika alikuwa Jumangin, mwenye kibanda mkabala, mzee wa miaka sitini na tisa sasa, kofia mkononi. "Inna lillahi. Nani tena? Nani kafa?"

"Mbah Rubiyah."

Mzee akakunja uso akilitafuta jina. Kisha akalipata. Watu walikuwa wanakuja, wanawake wana nta vidoleni, vijana na simu zao, na kila aliyefika aliuliza nani kafa, na kila mara Ngatirah alijibu jina hilo hilo. "Alikufa miaka arobaini iliyopita," akasema. "Hatukumpigia. Hakumroga mtu. Dada yangu alikuwa mgonjwa wa kifua, na mimi nililipiga gogo hili kwa uongo. Sasa nalipiga kweli." Vijana wakatazamana. Wazee hawakutazamana. Jumangin aliketi chini, kwenye vumbi, na kuiweka kofia juu ya goti.

Pigo la sita au la saba rungu likamdondoka. Akaliinamia, vidole havikushika. Akajaribu tena kwa viganja, likateleza. Hakuna aliyesogea kumsaidia, na mie nilikuwepo, sikusogea.

Aliyesogea ni Mbah Saminah. Alikuwa ameshuka kwenye gari, anakuja na mgongo wake uliopinda, watu wakimpisha, na kila mmoja pale alidhani anakuja kumnyang'anya. Aliliokota rungu. Akalipachika kwenye viganja vya binti yake, kisha akaizungushia ile mikono mikono yake mwenyewe, mikavu, akabana.

"Lete hapa, Nduk," akasema. "Hata kushika hujui."

Ngatirah alihisi vidole kumi vimefumbatwa, vinaminywa kwenye vifundo pale pale panapouma, na hakuivuta mikono yake. Mama akatamka inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, kwa sauti ya kila mtu kusikia, akalitaja na jina la Rubiyah. Wakapiga pamoja. Moja. Wakangoja. Upande wa mto zilikuwa zimebaki nyumba tatu ambazo hazijatoa mtu.